Mwalimu wa Masanduku na Mishale

Chuo chetu cha kompyuta pale mjini Nyeri kilikuwa na kila kitu isipokuwa kompyuta. Kilikuwa na bango jipya lenye picha ya mashine inayotabasamu. Kilikuwa na mapazia. Kilikuwa na mkurugenzi, ambaye pia ndiye aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi lililokuwa chini yetu, kwa hiyo tulijifunza sayansi ya kesho huku mabati yakiburutwa sakafuni mwa leo. Na kilikuwa na Mwalimu.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Vyuo vya kupiga chapa vilikuwa vimejaa mjini, chetu kikiwa kimojawapo, na mkurugenzi wetu, mtu wa kuona mbali ilimradi kule mbali hakuna gharama, aliamua kubadilisha bango badala ya kubadilisha chuo. Baba yangu, mkulima wa kahawa kule Tetu, alilisoma lile bango akavua kofia.

"Ati kompyuta," alisema. "Hiyo ni kazi ya ofisi. Hakuna jembe hapo."

Akaniandikisha siku hiyo hiyo, kabla nafasi hazijaisha. Nafasi zilikuwa tele.

Mwalimu alikuwa mtu wa magharibi mwa nchi, mrefu, mwenye koti la kahawia ambalo upande mmoja lilikuwa jeupe kwa chaki mwaka mzima. Alikuwa amefanya kazi Nairobi, katika ofisi moja iliyokuwa na mashine ya kujaza chumba kizima. Tulipomuuliza kwa nini aliacha kazi nzuri kama hiyo aje kutufundisha sisi juu ya duka la misumari, alijibu, "Tulitofautiana kuhusu mishale."

Tulidhani ni siri ya serikali. Hapana. Ilikuwa kweli mishale.

Imani yake ilikuwa hivi. Kabla ya kuipa kompyuta kazi, watu wa fani hiyo walichora kwanza mpango wa kazi yenyewe. Sanduku la kawaida ni kitendo: jumlisha, andika, hifadhi. Duara ni mwanzo au mwisho. Na sanduku lililosimamishwa kwa ncha, ambalo sisi tuliliita andazi kwa sababu tulikuwa na njaa, ni swali; humo hutoka mishale miwili, mmoja wa ndiyo na mmoja wa hapana. Wenzake wa Nairobi walikuwa wakichora haya haraka haraka, kisha wanatupa mchoro na kukaa kitako kuandika amri za Kiingereza, mstari chini ya mstari, kurasa kwa kurasa. Mwalimu aliamini mchoro ndio programu yenyewe. Hayo maandishi yalikuwa ugonjwa uliokuja baadaye.

"Iko siku," alituambia, "mashine itasoma mchoro kama ulivyo. Nyinyi mtakuwa tayari. Wale wa Nairobi watakuwa bado wanatafuta nukta waliyosahau."

Na alipokuwa amekasirika zaidi: "Maneno ni ya wanasiasa na wachumba."

Somo la kwanza lilikuwa kupika chai. Tulitumia wiki nzima. Nusu ya darasa ilitaka maziwa yaingie na maji, nusu baadaye, na Mwalimu alisimama katikati akifurahi kama mtu aliyeanzisha vita na sasa anauza bunduki. Mwenzetu Wanjohi alipeleka mchoro wenye andazi lililouliza, "Maji yamechemka?" Mshale wa hapana ulirudi kwenye "Subiri". Mshale wa ndiyo, kwa bahati mbaya, nao ulirudi kwenye "Subiri".

"Simama," Mwalimu akamwambia. "Wewe ni kompyuta. Fuata mishale yako."

Wanjohi akaanza kuizunguka meza ya mbele. Akifika upande wa dirisha anasema, "Yamechemka?" akifika upande wa mlango anasema, "Nasubiri." Mwalimu akaendelea kufundisha mambo mengine. Tukacheka hadi tukachoka kucheka, na Wanjohi bado anazunguka.

"Mwalimu, nitatoka lini?" akauliza mwishowe.

"Hilo swali ungelijibu kwa kalamu," Mwalimu akasema. "Sasa unalijibu kwa miguu."

Nimeandika programu nyingi tangu siku hiyo, na kila ninapokaribia kusahau njia ya kutokea, ninamwona Wanjohi na viatu vyake vya plastiki.

Mtu angedhani ugonjwa huu uliishia darasani. Mwalimu alikuwa amepanga chumba mtaa wa Majengo, hatua chache kutoka msikitini, na huko pia hakuna aliyesalimika. Palikuwa na bomba moja la maji kwa vyumba vyote vya ua ule na ugomvi wa kila asubuhi. Mwalimu akachora mpango kwa chaki kwenye saruji: anayenyonyesha apite huku, mwenye ndoo moja huku, mwenye mapipa arudi nyuma kabisa. Kina mama waliufuata kwa utiifu wa ajabu, na akatembea siku kadhaa akiwa ameinua kidevu. Kisha mvua ikanyesha. Chaki ikaenda na maji, na ugomvi ukarudi mahali pake, umepumzika vizuri.

Kanisani alimsubiri mchungaji mlangoni, akamweleza kwamba mahubiri yake yana maswali matatu na hakuna hata moja lenye mshale wa hapana. Mchungaji alimshukuru. Jumapili iliyofuata alihubiri kuhusu kiburi, na kila mtu akageuka kumtazama Mwalimu, isipokuwa Mwalimu, ambaye alikuwa akichora.

Mkewe alikuwa mama mnene mwenye sauti ya taratibu, aliyeuza vitambaa vya kushonwa kwa mkono kando ya soko. Siku moja alitusimulia jinsi alivyoposwa.

"Huyu mtu hakusema kitu," alituambia, Mwalimu akiwa ameketi hapo hapo akijifanya anasoma gazeti. "Alinitumia karatasi. Mandazi moja katikati: *Unanikubali?* Ndiyo inaenda kwa harusi. Hapana inarudi juu, inauliza tena."

"Sasa ulifanyaje, Mama?"

"Ningefanya nini? Niliangalia kila upande. Hakukuwa na njia ya kutoka."

"Mchoro ulikuwa kamili," Mwalimu akasema nyuma ya gazeti.

Gazeti lenyewe lilikuwa fumbo. Mtu huyu aliyechukia maandishi aliandika barua kwa mhariri takriban kila mwezi, barua ndefu, zenye aya na mabano na maneno kama "kadhalika", akilalamikia taa za barabarani, bei ya mbolea, na mara moja, kwa kurasa nyingi, urefu wa barua za wasomaji wengine. Alipiga chapa haraka kuliko mwalimu wa kupiga chapa aliyesalia chuoni, ambaye hakumsamehe. Na ole wako ukosee tahajia ndani ya sanduku. Alikuwa akizungushia kosa wino mwekundu na kuandika pembeni, kwa mwandiko mzuri kupita kiasi, "Hata maneno yasiyo na maana yaandikwe sawasawa."

Mwishowe kompyuta ilikuja. Ilikuwa imetumika kwingine, ikaja kwa pikapu pamoja na mifuko ya saruji, ikawekwa ofisini mwa mkurugenzi chini ya kitambaa alichokishona mke wa Mwalimu. Tuliruhusiwa kuingia mmoja mmoja kuitazama, kama maiti ya mtu mashuhuri. Mkurugenzi alisimama kando akisema, "Usiguse, usiguse."

Mwalimu pekee aliruhusiwa kugusa. Aliketi, akaandika kitu. Mashine ikamjibu kwamba haielewi. Akaandika tena. Ikasema haielewi. Hakukuwa na mahali popote pa kuchora hata mstari mmoja. Ilitaka zile zile amri za Kiingereza alizozikimbia Nairobi. Akainuka, akarudisha kitambaa taratibu.

"Imefundishwa vibaya," akasema, na hakuikaribia tena.

Hapo ndipo tuliokuwa na akili kidogo tulianza kuogopa, kwa maana mtihani ulikuwa unakaribia, na mtihani ulitoka ng'ambo. Rafiki yangu Njeri, ambaye hakuwa na haya, alimfuata kwenye ngazi.

"Mwalimu, wenzetu wa vyuo vingine wanasema mtihani inataka programu imeandikwa. Mistari."

"Mtahini yeyote mwenye akili akiona mchoro safi ataelewa."

"Na kama hana akili?"

Mwalimu akaendelea kushuka ngazi. Hilo andazi hakuwa amelichora.

Lakini hakubadilika. Tuliendelea na masanduku hadi siku ya mwisho, na tuliingia kwenye chumba cha mtihani na rula. Karatasi ilisema: andika programu. Haikusema chora. Njeri alinitazama, mimi nikamtazama Wanjohi, Wanjohi akatazama dirisha. Kisha tukachora, kwa sababu hakuna kingine tulichojua. Tulichora vizuri sana. Sidhani kama kuna darasa lingine katika nchi hii lililofeli kwa usafi kama ule.

Tulifeli sote.

Wazazi walikuja bila kualikwa. Walijaza ngazi hadi dukani, wateja wa misumari wakaacha misumari wakasikiliza. Mkurugenzi, ambaye kwenye bango alikuwa mtaalamu, aligundua siku hiyo kwamba yeye ni mtu wa mabati tu. "Hayo ya kompyuta muulizeni Mwalimu," akasema, akajifungia na mashine yake.

Mamake Wanjohi, aliyekuwa akiuza maharagwe sokoni, alipanda hadi ngazi ya juu kabisa.

"Mtoto yangu ameniambia alikuwa anazunguka meza!" alipaza sauti. "Nimeuza maharagwe kwa jua na kwa mvua, ndiyo mtu azunguke meza? Hata nyumbani tuko na meza!"

Watu wakacheka, kicheko kibaya kile. Nilimwangalia Mwalimu. Alisimama na chaki mkononi, na chaki ikavunjika, sijui kama alijua ameivunja. Jioni hiyo mkurugenzi alimfukuza kazi, na kila mtu akasema vizuri, na mimi pia nikasema vizuri. Baba aliniambia nirudi shambani, kahawa inahitaji kupogolewa, na kwamba kupogoa hakuna mtihani.

Siku chache baadaye nilikuwa kwenye mistari ya kahawa na baba nilipoona koti la kahawia likipanda kilima. Alikuwa na matope hadi magotini. Basi lilikuwa limekwama chini, akatembea kilichobaki. Baba hakuacha msumeno wake.

"Mzee, nimekuja kusema binti yako hakufeli," Mwalimu akasema.

"Karatasi inasema amefeli."

"Karatasi imekosea jina. Ni mimi niliyefeli. Nilimtayarisha kwa mtihani ninaoutaka mimi, si huu uliokuja."

Baba akakata tawi, akalitupa. "Sasa wewe, mtu mzima, umetoka Nyeri na matope yote hii kuniambia hivyo?"

"Ndiyo."

"Ati ndiyo tu?"

"Na pia kuomba umruhusu arudi. Si chuoni. Kwangu, Majengo. Nitawafundisha kuandika, hadi mtihani wa marudio."

"Si unachukia hiyo kuandika? Msichana ameniambia."

"Naichukia sana," Mwalimu akasema.

Nadhani ni hilo lililomshinda baba. Angesema anaipenda, angefukuzwa na mbwa. Mama akaleta chai, Mwalimu akainywa akiwa amesimama, kwa sababu alikuwa bado hajafika kwa kina Wanjohi. Baadaye tulijua alifika kwa kila mmoja wetu, pamoja na wale wa Kagio na wale wa ng'ambo ya Othaya, na kwamba mamake Wanjohi alimwacha mlangoni hadi alipomaliza kuchambua maharagwe yote.

"Huyo mtu hajui kuomba msamaha," baba alisema alipoondoka. "Lakini kutembea anajua."

Basi tukarudi shule juu ya kitanda cha Mwalimu. Waliokosa nafasi kitandani walikaa kwenye madebe, na mkewe alitupita kwa ubavu akibeba sufuria. Adhana ikianza, Mwalimu alinyamaza na chaki hewani, kisha akaendelea kutoka kwenye neno lile lile. Alichukua michoro yetu ya zamani, akaandika kando ya kila sanduku mstari wake, kando ya kila andazi amri yake. Alifanya hivyo kwa uso wa mtu anayekunywa dawa ya minyoo.

"Hapa mnaandika hivi. Usinitazame, Njeri, andika. Najua ni mbaya."

Sasa kinachoudhi ni hiki: hakuna aliyewahi kufundisha maandishi vizuri kama adui yake yule. Kila mstari ulikuwa na picha nyuma yake. Nilipoandika amri nilikuwa nikiona mshale unaenda wapi. Vyuo vingine wanafunzi walikariri. Sisi tulikuwa tunatembea. Hakutudai chochote, na mkewe alipotaka kulisema hilo kwa sauti, alimwonyesha mlango kwa heshima, ukiwa mlango wa chumba chao wenyewe.

Tulirudia mtihani. Tulipita, isipokuwa wawili walioolewa kabla ya siku yenyewe. Wanjohi alitushinda sote. Mamake alileta Majengo gunia la maharagwe akaliangusha mlangoni, akageuka akaenda zake. Na Mwalimu, tulipojazana pale chumbani tukiruka ruka, alisema, "Hongereni. Mmejifunza lugha ya adui."

Nilipata kazi katika ofisi ya chama cha wakulima wa kahawa, kisha Nairobi. Mkurugenzi alimpata mwalimu mwingine, kijana mwenye tai, aliyesoma kitabu kwa sauti huku wanafunzi wakinakili. Mwalimu na mkewe wakahama. Wengine walisema wako Kagio wanauza nyanya, zilizopangwa kwa mishale bila shaka. Wengine walisema wamerudi kwao. Kwa miaka hatukujua.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini ofisi yetu Nairobi ilinunua kompyuta ya kubebeka, nzito kama tofali, na ndani yake programu mpya kutoka ng'ambo. Siku niliyoifungua niliacha chai ikapoa. Ndani yake huandiki. Unachukua sanduku kutoka pembeni mwa kioo, unaliweka katikati, unalifunga na jingine kwa mstari, na mashine inafuata mstari. Kila kitu alichosema. Niliitazama nikafikiri: yuko wapi huyu mzee msumbufu, nimpelekee ushindi wake?

Mwaka huo nilitumwa Doldol, mji mdogo wa wafugaji kule kaskazini, kufunga mashine katika ofisi ya chanjo ya mifugo. Nikiwa huko karani mmoja alinionya kuhusu mwalimu wa kisomo cha watu wazima, mzee wa magharibi anayemwandikia mkuu wa tarafa barua kila wiki. "Barua ndefu," alisema kwa uchovu. "Ziko na aya." Nikachukua mkoba wangu wenye ile kompyuta ya kubebeka nikatoka kabla hajamaliza.

Nilimkuta katika jengo la mabati la kanisa, upepo ukilitikisa. Wanafunzi walikuwa wafugaji, wazee na kina mama, fimbo zimeegemezwa ukutani. Nywele zake zilikuwa nyeupe. Ubao ulikuwa umejaa herufi juu hadi chini, na hakukuwa na hata sanduku moja.

"Umenenepa," aliniambia mbele ya watu wote. "Keti. Bado hatujamaliza."

Darasa lilipotawanyika niliifungua mashine juu ya benchi. Nilimwonyesha sanduku, mstari, andazi. Akavaa miwani, akachukua nafasi yangu bila kuomba. Aliunganisha, akabonyeza, na mashine ikafuata mchoro wake hadi mwisho ikasimama. Nilikuwa nimebeba leso mbili za kufutia machozi, moja yangu, moja yake.

"Nani amefanya hii?"

"Watu wa ng'ambo."

"Wamechelewa," akasema. Kisha akagonga sanduku moja kwa ukucha. "Na humu ndani mna nini?"

Nikalifungua sanduku. Ndani, chini ya ile picha nzuri, kulikuwa na maandishi. Amri za Kiingereza, mstari chini ya mstari, zimejipanga hadi chini ya kioo.

Alicheka hadi akakohoa, hadi mkewe, aliyezeeka kwa upole kuliko yeye, akachungulia mlangoni kuona kama anakufa.

"Wameyaficha!" alimwambia, akifuta macho kwa mkono wa koti. "Mama, wameyaficha maneno chini ya kitanda!"

"Lakini ulikuwa umesema kweli, Mwalimu," nikasema. Nilikuwa nimetoka mbali, nilitaka ashinde. "Ulisema iko siku."

"Nilisema." Akavua miwani. "Na nyinyi mkafeli wakati nangojea siku yenyewe."

"Tulipita baadaye."

"Baadaye." Akageuza uso kuelekea ubao. "Hawa wanafunzi wangu hawakosi picha, binti. Ukiwauliza njia ya maji watakuchorea mchangani. Lakini ofisini hawaulizwi picha. Wanaulizwa neno, hawana, wanarudishwa. Nimeshawahi kuwanyima watu maneno nikiwa na hakika kabisa. Mara moja inatosha."

Nikarudisha leso zote mbili mkobani.

Nyuma yetu mama mmoja alikuwa amebaki. Nilidhani anasubiri jua lipungue. Alikuwa mbele ya ubao, chaki ameishika kama mtu anayeshika kisu cha mwingine, na alikuwa anaandika polepole, shanga zikilia kila anaponyanyua mkono. Alisimama, akarudi nyuma.

"Mwalimu, angalia."

Mwalimu akainuka, akaacha mashine ikiwaka. Ubaoni palikuwa pameandikwa *Nasieku*, herufi ya S imeangalia nyuma. Alimshika mkono, wakaiandika upya pamoja, mara ya kwanza ikatoka kama nyoka aliyekanyagwa, mara ya pili ikakaa. Mama akalisogelea lile jina.

"Hii ni mimi?"

"Ni wewe."

"Yote?"

"Yote."

"Basi usifute," akamwambia.

Mwalimu akaweka kifutio mfukoni mwa koti. Nilizima mashine nikaibeba, tukatoka wote wanne, mkewe mbele, upepo ukitupiga vumbi usoni, na Mwalimu akafunga mlango kwa kufuli, jina likiwa ndani.